Dalali, acha kuniharakisha kusaini

Hivi kwa nini dalali akitoa tu mkataba wa kuuza nyumba yako anaanza kukuharakisha, weka saini hapa, na hapa, mengine tutaongea? Tutaongea lini na nimeshasaini! Kinachoniudhi zaidi ni kile kipengele cha ukurasa wa mwisho, maandishi madogooo, kwamba hata mkataba ukiisha, mteja aliyemleta yeye akirudi kununua baadae komisheni yake iko palepale, na kama ulimpa haki ya kuuza peke yake basi hata ukimuuzia shemeji yako unaweza kudaiwa. Asilimia yenyewe inapigwa kwenye bei yote ya nyumba, deni lako la benki haliwahusu. Na wengine wanakula kwa muuzaji na kwa mnunuzi, kimyakimya! Semeni mapema bana nani anamlipa nani.