Wa pili wa ligi au bingwa wa kombe: nani aende Afrika?

Jioni ya Juni 29, 2025, mtaa wa Kondele hapa Kisumu ulikuwa kimya kuliko nilivyowahi kuusikia Jumapili yoyote. Gor Mahia walikuwa wamefungwa 2-1 na Nairobi United kwenye fainali ya Kombe la FKF, kombe la mtoano la Shirikisho la Soka Kenya, kule Ulinzi Sports Complex jijini Nairobi. Kwenye kibanda ninachokunywa chai, mzee mmoja aliyevaa jezi ya kijani iliyopauka mabegani aliweka kikombe chini akaniambia, "Kijana wangu, tumecheza mechi thelathini na nne, tumemaliza wa pili, na hatuna pa kwenda. Timu ya daraja la chini ndiyo inapanda ndege."

Sikuwa na jibu la haraka. Nimelifikiria neno lake tangu siku ile, kwa sababu mzee hakuwa analia tu kwa kufungwa. Alikuwa na hoja.

Kenya hupata nafasi moja katika Ligi ya Mabingwa Afrika na nyingine moja katika Kombe la Shirikisho la CAF, shirikisho la soka la Afrika. Ya kwanza ni ya bingwa wa ligi, na msimu ule ikawaendea Kenya Police. Ya pili ni ya mshindi wa kombe la mtoano. Gor walikuwa wa pili kwenye ligi na wa pili kwenye kombe, wakabaki nyumbani. Nairobi United, waliokuwa wakicheza Ligi ya Supa ya Taifa, daraja la pili, huku wakijipigania kupanda daraja, ndio waliochukua tikiti. Ndiyo maana wapo wanaotaka nafasi hii ya pili ipewe klabu inayomaliza ya pili kwenye ligi, kombe libaki na taji lake na fedha zake.

Wanaosema hivyo wana mashiko. Ligi ni mechi 34, kwenye mvua na kwenye jua, nyumbani na ugenini, na mwisho wake jedwali halidanganyi. Kombe ni mechi chache, na droo inaweza kukupangia wanyonge hadi nusu fainali huku mwenzako akikutana na vigogo mfululizo. Kipa akiteleza dakika moja, au matuta yakikukataa, msimu umekwisha. Kisha kuna suala la kikosi. Klabu iliyozoea kusafiri kwa basi hadi Awendo au Bungoma inatakiwa ghafla kulipia tiketi za ndege na hoteli za watu zaidi ya ishirini, na kutafuta uwanja wenye idhini ya CAF. AFC Leopards walibeba kombe 2017, na mwaka uliofuata wakatolewa na Fosa Juniors ya Madagaska. Kakamega Homeboyz waliwafunga Tusker kwenye fainali ya 2023, sote huku magharibi tukasherehekea, lakini Afrika ikaishia kwa Al Hilal Benghazi ya Libya katika raundi ya kwanza kabisa. Iliniuma.

Homeboyz hao hao ndio mfano mchungu zaidi kwa upande wa mzee. Msimu wa 2021/22 walimaliza sawa na Tusker kwa pointi, wakakosa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Msimu mzima wa kukimbizana na mabingwa, na mkononi hakuna kitu. Kweli, wakati huo Kenya ilikuwa imefungiwa na FIFA, kwa hiyo hata kanuni nyingine isingewasaidia. Lakini ukimwambia shabiki wa Kakamega kwamba kumaliza wa pili hakustahili chochote, utakuwa unamkosea.

Hata hivyo, nikipima yote, bado naona tikiti ibaki kwa kombe.

Tazama ni nani wameshinda ligi. Tangu 2011 hadi 2024, ubingwa haukutoka mikononi mwa klabu mbili: Gor na Tusker, basi. Katika kipindi hicho hicho kombe lilibebwa na klabu nane: Gor, AFC, Sofapaka, Bandari, Tusker, Kariobangi Sharks, Homeboyz na Police. Kwa upande wetu tofauti hiyo ni kubwa zaidi. SoNy Sugar ya Awendo ilishinda ligi 2006, na tangu hapo hakuna klabu yenye makao yake magharibi au Nyanza iliyorudia. (Gor na Ingwe, yaani AFC Leopards, ni wetu kwa damu, lakini makao yao ni Nairobi.) Mumias Sugar, enzi kiwanda kinanguruma, ilipata mataji yake kwenye kombe, 1996 na 1999. Ukiiondoa tikiti kwenye kombe ukaipeleka kwenye ligi, kwa miaka mingi utakuwa unawaongezea tikiti ya pili wale wale walio na ya kwanza.

Na mzee wangu wa Kondele, kwa heshima zote, nina neno kwake pia. Kombe la Mandela ambalo Gor, K'Ogalo wenyewe, walilibeba 1987 kwa mabao ya ugenini, baada ya sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis na 1-1 jijini Nairobi, lilikuwa mashindano ya washindi wa makombe ya kitaifa. Hadi leo ndilo taji pekee la bara lililowahi kuletwa na klabu ya Kenya. Mlango ulioifanya Gor iitwe mabingwa wa Afrika ni huu huu unaotakiwa kufungwa.

Lipo jambo jingine ambalo halionekani kwenye jedwali. Mwaka mmoja nilikwenda kutazama mechi ya raundi za awali kwenye uwanja wa shule, upande wa mashamba ya miwa. Timu ya kijiji ilikuwa imepangwa na klabu ya Ligi Kuu. Wachezaji walifika kwa matatu moja, wamebanana, mipira ikiwa ndani ya gunia la mbolea lililooshwa. Kipa wao alikuwa fundi wa pikipiki. Glavu yake ya kulia ilikuwa imefungwa selotepu kiganjani, na kila baada ya kudaka alikuwa akiibana tena kwa meno. Watu walisimama mistari minne nyuma ya kamba, watoto juu ya ukuta wa choo, akina mama wakiuza mandazi na miwa iliyokatwa vipande. Wanakijiji walikaza hadi dakika za mwisho, wakafungwa 2-1. Waliposhangiliwa wakitoka, yule kipa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Klabu ile ya Ligi Kuu ilikuja na kikosi chake cha kwanza. Kwa nini? Kwa sababu mwisho wa safari kulikuwa na Afrika. Shilingi milioni 2 za mshindi ni fedha nyingi kwa timu ya kijiji, lakini kwa klabu kubwa hazitoshi kumfanya kocha ahatarishe mshambuliaji wake bora kwenye uwanja wenye mashimo. Ondoa tikiti, na mwaka unaofuata watatuma vijana wa akiba. Baada ya hapo mfadhili naye ataondoka, maana hakuna anayelipia mashindano ambayo wakubwa hawayataki. Tumeshayaona majina yakibadilika: GOtv, SportPesa, Betway, Mozzart Bet. Mwaka 2020 kombe lilikatizwa na korona, na 2022 halikuwa na bingwa. Mashindano dhaifu namna hiyo hayawezi kupokonywa kitu chake chenye thamani kubwa kuliko vyote yakabaki hai.

Nimesikia pendekezo la katikati: mshindi wa kombe akitoka daraja la chini, acheze mchujo na wa pili wa ligi. Linavutia kidogo, lakini silikubali. Mtu ameshinda raundi zote, amemfunga Gor kwenye fainali, halafu anaambiwa amfunge Gor tena? Zaidi ya hayo, Nairobi United wenyewe wamelijibu. Waliitoa NEC ya Uganda, kisha wakaitoa Étoile du Sahel ya Tunisia, mabingwa wa Afrika wa 2007, kwa matuta ugenini, wakaingia hatua ya makundi pamoja na Wydad, Azam na Maniema Union. Kenya haikuwa na klabu kwenye makundi tangu Gor wa msimu wa 2018/19. Sisemi kila timu ya daraja la chini itafanya vile. Nasema hatuwezi tena kudai kwamba haiwezekani.

Ninapoungana kabisa na mzee ni kwenye suala la bahati, maana bahati inaweza kupunguzwa. Nusu fainali zichezwe mikondo miwili, nyumbani na ugenini. Tarehe za raundi zitangazwe kabla ya msimu kuanza, ili kocha asijikute na mechi tatu ndani ya siku nane mwezi Juni. Timu ya daraja la chini iwe mwenyeji kila inapokutana na ya Ligi Kuu, na nauli ya raundi za awali ilipwe mapema, maana kwa timu nyingi za huku kikwazo cha kwanza ni matatu ya kuwafikisha uwanjani.

Na fainali itoke Nairobi. Mwaka 2025 viwanja vya Kasarani na Nyayo vilikuwa vikitengenezwa kwa ajili ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, nalielewa hilo, ila mechi kubwa kama ile kupelekwa uwanja mdogo wa wanajeshi wakati uwanja wa Mamboleo upo hapa Kisumu ni jambo ambalo bado linaniuma. Mzee wangu angefika kwa boda ya shilingi mia. Angelia vile vile, lakini angelia akiwa jukwaani, pamoja na maelfu ya wenzake, akiwa ameiona kwa macho yake timu iliyomfunga.