Stempu zangu si mradi

Mwaka wangu wa mwisho kazini tulipelekwa kwenye semina ya wastaafu watarajiwa, siku tatu nzima. Tulifundishwa kufuga kuku wa mayai, kulima uyoga, kununua bajaji ukamkabidhi kijana akuletee hesabu jioni, na kujihadhari na matapeli wanaonusa kiinua mgongo hata kabla hakijaingia benki. Yote yalikuwa ya maana na niliyaandika kwenye daftari. Lakini hakuna aliyesimama akatuambia siku ya mstaafu ina saa ngapi. Unaamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea ya miaka 34, unafagia, unakunywa chai, unatazama saa ya ukutani, ndiyo kwanza saa moja na nusu.

Mimi jibu langu nilikuwa nalo tayari, kwenye boksi chini ya kitanda. Nakusanya stempu tangu niko darasa la nne.

"Huo ni mradi gani, mama?" Swali hili nimeulizwa na majirani hapa Magomeni, nimeulizwa na wanangu wa kuwazaa. Si mradi. Hauingizi kitu. Naona tumeuonea uzee wetu kwa kutaka kila jambo liwe mradi: ukiotesha maua unaulizwa utayauza wapi, ukishona kitambaa cha meza unaambiwa utafute oda. Mtu aliyeuza saa zake kwa mshahara miaka thelathini na kitu ana haki ya kubaki na kazi moja ambayo haiuzwi. Nasema kazi kwa makusudi, maana stempu zinataka macho, subira na mpangilio kuliko baadhi ya ajira nilizowahi kuziona.

Marehemu baba alikuwa tarishi katika ofisi moja ya mjini. Ijumaa jioni alirudi na bahasha tupu zimekunjwa mfukoni mwa kaptula ya kaki, akanimwagia mapajani. Zilikuwa na stempu za samaki, zile za toleo la mwaka 1967. Nilijua majina ya samaki wa kwenye stempu kabla sijajua bei yao pale soko la Feri. Miaka michache baadaye zikaanza kuja za makombe ya baharini, zimeandikwa Kenya, lakini zimegongwa muhuri wa Dar es Salaam. Nikadhani posta wamekosea. Baba akanieleza kwamba stempu ya Kenya, ya Uganda na ya kwetu zilikubalika kote, kwa kuwa posta ilikuwa moja. Na zile za kumbukumbu zilibeba majina ya nchi zote tatu, ila hayakukaa kwa mpangilio mmoja: toleo hili Kenya inatangulia, toleo lile Uganda, lingine Tanzania. Ninazo zote kwenye ukurasa mmoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 majina yale yaliachana, na kwenye albamu yangu unaiona sehemu yenyewe yanapoachana.

Nilipoajiriwa nikapangiwa masjala. Kwa mpenda stempu hakuna bahati kubwa kuliko hiyo, maana barua zote za ofisi zilipita mikononi mwangu: naifungua, naiingiza kwenye rejesta, naipeleka kwenye jalada lake. Mkuu wangu wa kwanza, Mungu amrehemu, aliniruhusu kukata pembe ya bahasha baada ya barua kuhifadhiwa. Nilikuwa na mkasi wangu mdogo droo ya juu.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote ni wa kwanza, na ulinichukua muda mrefu kuujaza. Nilibadilishana na mzee mmoja wa Upanga aliyekuwa na duka la vitambaa. Mimi nilimpa vipepeo wangu wa mwaka 1973, seti nzima, na bado sijui nani alifaidi. Ni stempu za enzi ya Wajerumani. Mwaka 1893 walichukua stempu za kwao wakazigonga juu yake neno PESA. Kisha mwaka 1901 zikatoka zenye picha ya Hohenzollern, meli ya Kaisari, thamani bado ni pesa. Ilipofika 1905, meli ni ile ile, mawimbi ni yale yale, lakini chini sasa pameandikwa Heller. Mjukuu wangu wa miaka kumi na moja aliisoma kwa sauti mara mbili, akaniangalia. "Bibi, hela?" Ndiyo, hela. Pesa ilitujia na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi, hela wakatuletea Wajerumani, na hapo zimelala zote mbili kwenye ukurasa mmoja wa mwanamke wa Magomeni. Baada ya hapo twiga wa Tanganyika wa mwaka 1922, halafu Uhuru wa 1961. Kutoka Zanzibar ninayo moja yenye picha ya Sultani iliyopigwa juu yake JAMHURI 1964. Muhuri umekaa mshazari. Kila nikiutazama nauona mkono wa aliyeugonga.

Mtu akitaka kujua asubuhi zangu zinakwendaje, aje Jumatano, siku ya kulowesha. Natandika taulo kuukuu mezani, naweka beseni dogo la maji ya uvuguvugu, hayaunguzi mkono. Pembe za bahasha naziweka uso juu, chache chache zisipandane. Bahasha ya kaki huloweshwa peke yake kwa sababu inachuja rangi, na ile nyekundu ya Krismasi itakuharibia beseni zima. Halafu unangoja robo saa au zaidi. Hapa ndipo wenye haraka wanapozichana. Ukiona stempu imeanza kujisogeza yenyewe juu ya karatasi, gundi imekubali; unaiteleza taratibu kwa kidole, unasuuza mgongo wake, unaitoa kwa kibano chenye ncha bapa na kuilaza kifudifudi kwenye taulo. Ikikauka hujikunja kama jani, usiogope, usiku mmoja chini ya vitabu vizito inanyooka. Meno yake ya ukingoni yahesabu kabla hujaiingiza kwenye albamu. Stempu iliyopungukiwa jino moja ni kama kikombe kilichomegeka, unakuwa nayo lakini unajua.

Nyingi za siku hizi hazilowi hata kidogo kwa sababu zimebandikwa kwa gundi kama ya stika. Hizo naziacha na karatasi yake, nakata ukingo mwembamba kuzunguka.

Adui wa mkusanyaji wa Dar es Salaam ni unyevu. Masika ikiingia, stempu mpya zenye gundi hujibandika zenyewe kwenye ukurasa, na za zamani hutoka madoa ya kahawia. Nilipoteza namna hiyo karibu seti nzima ya ndege wa Uganda nikiwa bado na watoto wadogo na boksi limesukumwa ukutani. Sasa albamu zangu zinasimama kabatini kama vitabu, hazilazwi, nazifungua kila wiki zipate hewa, na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu havitupwi nyumbani kwangu.

Kuhusu thamani, kwa kuwa lazima mtauliza: ipo stempu ya British Guiana ya mwaka 1856 iliyouzwa New York mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni tisa. Ipo moja tu inayojulikana duniani. Zangu zimechapwa kwa mamilioni. Anayetaka kuanza kwa ndoto ya mnada, namwomba anunue ile bajaji.

Na stempu si zote nazipenda. Miaka ya 1980 na 1990 zilichapwa kwa jina la nchi yetu stempu nyingi mno zilizolenga wakusanyaji wa ng'ambo. Dinosaria, watu maarufu wa nje, chochote kinachouzika huko. Sikumbuki kuona hata moja ya namna hiyo kwenye barua iliyofika masjalani. Kwangu stempu isiyosafiri haijafanya kazi yake. Nazitaka zenye muhuri, zilizopita kwenye magunia na treni, zenye tarehe na jina la mji.

Ndiyo maana jambo moja bado linaniuma. Mjomba wangu alikuwa baharia, akatuandikia kutoka bandari alizopita, na barua alizojibiwa na rafiki zake wa huko alizitunza kwenye sanduku la bati. Alipofariki nilikuwa safarini. Nilirudi tanga limekwisha, nguo zimegawanywa, sanduku lipo, tupu. Zile karatasi, niliambiwa, zilichomwa nyuma ya nyumba pamoja na majani ya mwembe, kwani nani angezisoma? Hawakuwa na nia mbaya. Nilikaa pale kwenye majivu muda mrefu. Hapakuwa na hata pembe moja ya kuokota. Kwa hiyo ninyi mnaosoma, mkigawa vitu vya marehemu, bahasha ziacheni kwanza, mtafuteni mtu azitazame. Hata kama si mimi.

Wenzangu wananiambia barua zimekufa, sasa ni simu tu. Mimi nimeamua kuziandika mwenyewe. Kila mwezi, Alhamisi ya kwanza, napanda mwendokasi mpaka Posta ya Zamani, natembea polepole kwa sababu ya magoti, nafika kaunta nikiwa na barua moja ya mjukuu wangu aliyeko Mwanza. Mwanzoni walinibandikia karatasi ya mashine bila kuniuliza. Nikarudi mwezi uliofuata, nikaeleza kwamba nataka stempu zenyewe, mbili zinazofanana na moja ya picha tofauti, na kwamba muhuri ugongwe kidogo tu, usimfunike mnyama. Kijana wa kaunta alinisikiliza mpaka mwisho, foleni ipo nyuma yangu.

Mwezi huu aliniona tangu mlangoni. Alikuwa ameshafuta muhuri wake kwa kitambaa.

"Shikamoo mama. Leo tugonge wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Pembeni hapa, jina la mji lisomeke."