Hasara ya Supamaketi Ibaki Supamaketi

Supamaketi za Mombasa hazitaacha kutupa chakula kwa sababu ya mabango ya kijani yaliyotundikwa mlangoni. Zitaacha siku ambayo hasara ya kilichooza itaanza kutoka mfukoni mwao wenyewe. Kwa sasa sehemu kubwa ya hasara hiyo wanaibeba wengine: mwenye bekari, mkulima wa nyanya, kaunti inayolipia malori ya taka, na wakazi wa Mwakirunge wanaoishi na harufu ya jaa tulilowasogezea. Kuvuja kwa pakacha, wahenga walisema, nafuu kwa mchukuzi. Na mchukuzi wetu hata hageuki kutazama kinachodondoka.

Tuanze na mkate, maana mkate hauna siri. Alfajiri gari la bekari linasimama mlango wa nyuma. Makreti yenye mikate ya moto yanateremshwa, na makreti mengine yenye mikate ya juzi yanapandishwa. Mtu wa stoo anatoa kalamu nyuma ya sikio, anatia sahihi iliyoingia, kisha anatia sahihi iliyorudi. Siku moja nilimuuliza kijana anayepeleka mikate pande za Nyali mbona duka linaagiza yote hiyo ilhali kila kukicha inarudi. Akacheka. "Mzee wangu, rafu ikionekana tupu, mteja anajua duka linafilisika. Ya kurudi ni yetu sisi."

Hofu ya rafu tupu ina historia yake. Rafu za supamaketi za Nakumatt zilikauka mwaka 2017 kabla kampuni yenyewe haijaanguka, na za Tuskys zikafuata miaka mitatu baadaye. Tangu hapo Mkenya akiona nafasi kwenye rafu anahesabu siku za duka. Kwa hiyo meneja anajaza. Anajaza hata saa mbili usiku, saa ambayo anajua fika kwamba mikate arobaini haitanunuliwa na watu kumi waliobaki ndani. Na kwa nini asijaze, ikiwa mwenye bekari ndiye atakayeipokea kesho? Mwenye bekari naye si mjinga. Ile inayorudi ataiuza kwa wafugaji au ataitupa, na gharama yake ameshaichanganya kwenye bei ya mkate mpya. Wewe na mimi tunanunua mkate mmoja na kipande cha ule uliotupwa.

Sheria ya kugusa jambo hili tunayo. Sheria ya Ushindani, baada ya marekebisho ya mwaka 2019, inahesabu kuwa ni matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi kumsukumia saplaya hatari za kibiashara ambazo mnunuzi ndiye aliyepaswa kuzibeba. Inataja pia kurudisha bidhaa bila sababu ya maana, kinyume cha mkataba. Tundu liko kwenye mkataba wenyewe: saplaya mdogo anayeililia rafu hukubali kwa maandishi kwamba kisichouzika kitarudi kwake, na mambo yakaishia hapo. Nani atakwenda kushtaki duka linalomnunulia nusu ya mali yake? Ningependa kuona kurudisha chakula kinachooza haraka kukipigwa marufuku moja kwa moja, mkataba useme usemavyo. Umeagiza mikate mia, ulipe mia. Wiki ya pili utakuwa umejua kuagiza themanini.

Nenda soko la Kongowea uone mtu anayejua kuagiza. Mama anayeuza nyanya pale hana kompyuta wala idara ya ugavi, lakini nyanya ni zake tangu aliponunua sanduku, na hakuna wa kumrudishia. Asubuhi fungu lina nyanya nne. Ikipita alasiri linakuwa na sita kwa bei ile ile, na zile zilizolainika zinatengwa pembeni: "Chukua hizi mwanangu, za rojo, nikupunguzie." Boga lililoanza kuoza upande mmoja linakatwa, upande mzima unauzwa kwa vipande. Sisemi soko lenyewe ni safi. Apitaye Kongowea baada ya mvua anajua lundo la maganda na kabichi zilizooza linavyonuka, na hilo ni deni la kaunti. Lakini mchuuzi mmoja mmoja hatupi ovyo, kwa kuwa kila anachotupa amekilipia.

Supamaketi ingeweza kufanya vivyo hivyo jioni, na chache zinajaribu. Unaona kijirafu pembeni, karibu na mlango wa stoo, kina maziwa ya mtindi yanayokaribia kuisha muda na biskuti zilizovunjika. Punguzo lenyewe ni la shilingi tano. Nani atahatarisha tumbo lake kwa shilingi tano? Ukitaka kitu kiondoke leo, kipunguze nusu bei saa kumi na mbili jioni, kabla watu hawajavuka feri kwenda Likoni, kisha kiweke mbele pale watu wanapoingia, kisifichwe kama cha aibu. Mameneja huogopa kwamba wateja watazoea kungoja jioni. Baadhi watangoja, ndiyo. Lakini mwenye wageni saa saba mchana hawezi kungoja mpaka magharibi, na ambaye angengoja huenda hakuwa mteja wako hata kidogo.

Matunda na mboga ndizo zinazonitia hasira zaidi. Mwaka 2022 maduka ya Marks & Spencer na Waitrose huko Uingereza yaliondoa tarehe ya "bora kabla ya" kwenye mboga na matunda mengi, ili mteja atumie macho na pua yake. Sisi tulikuwa na macho na pua siku zote, halafu tukaanza kubandika tarehe kwenye embe! Jokofu la mboga limejaa pakiti: nyanya sita ndani ya nailoni, karoti tano ndani ya nailoni, pilipili hoho tatu za rangi tatu. Nyanya moja ikilainika pakiti nzima inaondolewa, maana stika yenye bei iko kwenye pakiti na keshia hawezi kuuza tano. Tano nzima zinaifuata moja mbovu kwenye pipa, pamoja na nailoni yao. Kama ungeziacha wazi kwenye kreti na mizani pembeni, ungetupa moja. Tena bibi anayeishi peke yake angenunua mbili anazozihitaji, asiende kuziozesha nne nyumbani.

Nyumbani, kwa kweli, ndiko kwenye janga kubwa. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inakadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula: asilimia 60 majumbani, 28 kwenye mahoteli na mikahawa, na 12 tu kwenye maduka. Wenye supamaketi wanaipenda hiyo 12. Mimi nauliza ile 60 ilifikaje majumbani. Ofa ya "nunua mbili upate ya tatu bure" haiiozeshi ile ya tatu dukani, inaiozesha kwangu.

Kwenye vifungashio sitaki tudanganyane. Hili joto la Mombasa, na unyevu wake, halina huruma. Tango lililovikwa nailoni linakaa siku kadhaa zaidi kuliko tango tupu, kwa kuwa halipotezi maji. Samaki, nyama, nazi iliyokunwa, chochote kilichokatwa au kumenywa, hivyo vinahitaji kufunikwa, na plastiki kidogo inayookoa kilo ya samaki siwezi kuigombeza. Ninayoigombeza ni ile ya ndizi. Ndizi tatu zimelazwa kwenye kisahani cheupe cha povu, zimefungwa nailoni juu, zimebandikwa stika, zinatokwa jasho mle ndani mpaka vikonyo vinaota ukungu. Ndizi imezaliwa na ganda lake! Na sukuma wiki iliyokatwakatwa ikatiwa kwenye pakiti inaharibika upesi kuliko ile ya majani mazima, kwa sababu imeshajeruhiwa. Hapo kifungashio kinaongeza taka mara mbili.

Halafu kuna plastiki ninayoitaka iongezwe. Nyanya nyingi zinazofika Mombasa kutoka Taveta na Loitokitok husafiri kwenye masanduku ya mbao, zimerundikwa, za chini zinafika zimekuwa mchuzi. Kreti ngumu za plastiki zenye matundu, zinazopangwa moja juu ya nyingine na kurudi na lori, zingeokoa nyanya nyingi kabla hata duka halijaziona. Supamaketi kubwa ndizo zenye uwezo wa kununua kreti hizo na kuwaazima wakulima. Afadhali kreti moja ya miaka mitano kuliko visahani elfu moja vya povu.

Kuhusu mifuko, tunajipongeza mno. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017, yenye faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne, ilifanya kazi. Majuala yaliyokuwa yakining'inia kwenye mikoko ya Tudor yalipungua, na aliyekuwepo kabla ya hapo analijua hilo kwa macho yake. Lakini keshia akaanza kutuuzia mfuko mwingine, ule tunaoufikiria kuwa wa kitambaa, kumbe ni plastiki hiyo hiyo, polipropilini. Mwaka 2019 NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilijaribu kuuzuia ule mwepesi unaochanika, ukarudi kwa mlango wa nyuma. Kila nyumba ninayoijua ina lundo lake chini ya sinki, mifuko ndani ya mfuko. Supamaketi inapata faida kwa kila ninaposahau mfuko, basi itanikumbushaje? Iuze mfuko mmoja imara, na ukichakaa niurudishe nipewe mwingine kwa nusu bei. Makatoni matupu nayo yawekwe karibu na keshia, bure, mtu atie vitu vyake. Najua yana soko kwa wanaonunua kwa kilo. Wachague.

Mfano ulio mzuri kuliko yote tayari uko ndani ya maduka haya haya: ATM ya maziwa. Unaweka chupa, unalipia kiasi unachotaka, shilingi thelathini au mia, maziwa yanashuka. Hakuna pakiti, na hakuna kununua nusu lita kwa aliyetaka kikombe. Kilichonishangaza ni kwamba kando ya mashine wameweka rundo la chupa mpya za plastiki za kuuza, na karibu kila mtu ananunua chupa. Anayekuja na chupa yake angepunguziwa shilingi mbili tatu, nakuhakikishia kina mama wa mtaa wetu wangezitoa chupa kabatini siku hiyo hiyo. Mafuta ya kupikia yanapimwa hivyo kwenye vibanda vya Bombolulu na Kisauni, sabuni ya maji vilevile. Maskini wa Mombasa wanaishi bila kifungashio miaka mingi, tena bila kupewa tuzo ya mazingira.

Na chakula kilicho kizima lakini hakiuziki? Tangu mwaka 2016 Ufaransa inazikataza supamaketi zenye eneo la zaidi ya mita za mraba 400 kuharibu chakula kinacholika, na zinatakiwa kuwa na mkataba na mashirika ya kukigawa. Hapa kwetu meneja atakwambia anaogopa kushtakiwa mtu akiumwa tumbo. Hofu hiyo ni ya haki. Marekani iliitatua mwaka 1996 kwa sheria inayomlinda anayetoa kwa nia njema, na Bunge letu linaweza kuandika kurasa mbili za namna hiyo. Wa kupokea tunao: misikiti inayofuturisha watu Ramadhani nzima, makanisa, nyumba za watoto yatima. Ila kisitolewe kilichokwisha oza kwa jina la sadaka. Maskini si pipa.

Mengi ya haya kaunti inaweza kuyasukuma bila kungoja Nairobi. Katiba ya 2010 iliipa leseni za biashara na pia uzoaji taka, mambo mawili ambayo hapa yanakutana. Duka kubwa likija kuomba leseni ya mwaka, lilete kilo za chakula lilichotupa na kilichorudishwa kwa masaplaya, na ada ya taka ipande kwa kilo. Watasema hawana takwimu. Za mkate wanazo, zimeandikwa kila alfajiri kwenye kitabu cha delivari, kilichoingia na kilichorudi, na sahihi mbili chini yake. Afisa wa kaunti aanze kwa kuomba kitabu hicho.