Joto la jenereta kuwa baridi: Lamu ianzie wapi?

Nguru akikosa barafu, bei yake imeshashuka kabla boti haijafika diko la Kizingitini. Ndiyo maana habari ya mitambo inayotoa baridi kwa joto, bila kompresa, inasikilizwa sana huku visiwani. Ndani yake mna silika jeli, zile punje za kwenye vijipakiti vya maboksi ya viatu. Zikiwa kavu hufyonza mvuke, na maji yaliyobaki, kwa kuwa hewa imetolewa yote, huchemka kwa nyuzi 10 na kupoa. Zikishiba, joto huzikausha, kazi inaanza upya.

Wanaotaka kugandisha barafu kwa joto la jua, hesabu inawakataa. Kilo moja ya maji ya nyuzi 28 hadi iwe barafu inadai kilojuli 450 hivi. Makaa amilifu (makaa yenye vitundu vidogo sana) yenye methanoli, aina ya spiriti, yanayoshika nafasi ya silika na maji, hugeuza kama asilimia 10 hadi 15 ya jua kuwa baridi: siku nzuri, kilo 5 hivi kwa mita moja ya mraba. Weka hapo paneli za sola na kompresa, utapata kilo 10 na zaidi. Isitoshe, methanoli ni sumu, na ikipita nyuzi 120 ndani ya makaa huvunjika na kutoa gesi zinazoua ombwe, yaani ile hali ya kutokuwa na hewa ndani.

Penye jenereta ya kukesha mambo ni mengine kabisa. Ya kilowati 20 hutupa kwenye rejeta kilowati 16 hivi za joto, maji yakiwa nyuzi 80 hadi 90, na dizeli yake imeshalipiwa. Silika jeli hukaushwa na nyuzi 60 hadi 85 tu. Utavuna kilowati 7 au 8 za baridi. Barafu hapana, kwani maji yenyewe yangeganda mtamboni. Lakini ukiyapoza maji ya mashine ya barafu kutoka nyuzi 28 hadi 12, umeipunguzia mzigo karibu asilimia 15. Hilo mimi naliunga mkono.

Shida kubwa ni kutupa joto. Zile 16 na zile 8, zote 24, lazima zitoke, na kwa unyevu wa Lamu mnara wa kupozea haushuki sana chini ya nyuzi 29. Maji ya bahari yanasaidia, ila yanataka mabomba ya titani au shaba yenye nikeli. Chuma cha pua cha kawaida hutoboka, na viumbe huota ndani. Kisha kuna kuvuja: presha ya ndani ni kama sehemu moja ya themanini ya hewa ya nje. Baridi ikififia polepole, mafundi huongeza joto, kumbe ombwe limeharibika.

Kuhusu kuweka akiba ya baridi: silika kavu, valvu ikifungwa, hukaa miezi bila kupoteza kitu. Ila baridi ya kilowati-saa 10 inataka kilo 150 hivi za silika, wakati barafu ni kilo 110 tu. Kwa matumizi ya kesho asubuhi, barafu inatosha.

Kabla ya kununua chochote, pimeni kwa wiki nzima joto la maji ya rejeta, lita zake kwa dakika, na saa ambazo jenereta imebeba mzigo kweli.