Shimo sio kipande jamani

Juzi nimeitwa ofisi moja huku Dodoma mjini, nafika nakuta seva imezimwa toka asubuhi na watu wamejaa kwenye mabenchi nje, eti faili la diski ya VM (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya seva) limevunjikavunjika vipande 612 kwa hiyo linahamishwa lipangwe upya. Nikamuuliza kijana wa IT, mdogo wangu umehesabuje? Akasema xfs_bmap, ile amri inayoorodhesha faili limekaa wapi kwenye diski, kahesabu mistari.

Tukakaa tukaisoma wote. Mstari wa data, unaofuata umeandikwa hole, data, hole, mpaka chini. Nusu nzima ya "vipande" ni mashimo, sehemu ambazo hazijawahi kuandikwa kitu na hazina hata bloku moja (kijisehemu cha kuhifadhia) kwenye diski! Na ile nusu ya data ukifuata namba za bloku unaona kipande kinaanzia palepale cha nyuma kilipoishia, au kimeacha nafasi sawasawa na shimo lenyewe. Kuruka kwa kweli tulikuta mara 11.

Wenzangu mnaolima zabibu mtanielewa, mizabibu mitano ikikauka katikati ya mstari shamba bado ni moja, ila nusu ikiwa Hombolo na nusu Mpunguzi hapo ndio useme limegawanyika. Kinachopimwa ni umbali wa kuruka, basi, na ugawanye kwa data iliyopo kweli, ile inayoonyeshwa na amri ya du (nafasi iliyoliwa kweli kwenye diski), sio ukubwa wa ls -l (unaohesabu na mashimo). Hili lilikuwa GB 80 kwa ls na GB 9 tu kwa du.

Ext4, mfumo mmojawapo wa kupanga mafaili kwenye diski, nayo ina yake, kwenye bloku za KB 4 kipande kimoja cha ramani hakizidi MB 128, kwa hiyo faili la GB 10 hata likae limenyooka kabisa ramani yake inaanzia vipande 80.

Nakubali mafaili ya mashimo huvunjika kweli, shimo likijazwa baadaye data inatupwa popote penye nafasi. Na kwenye SSD (diski isiyozunguka) kuruka hakuumi sana. Lakini pima kwanza ndugu yangu, ndo uzime!

Maana kijana alikuwa analihamishia kwenye diski ya nje yenye mfumo wa exFAT, ambao haujui mashimo, kila shimo linaandikwa sifuri tupu, ndo maana GB 9 zilikuwa zinakwenda kuwa 80. Tukakatisha, tukawasha seva saa nane mchana. Bibi mmoja kwenye benchi alikuwa ameshalala na fomu yake mkononi.