Suruali moja, Pasang watatu

Ile ndege ya kwenda Lukla inakubali kilo 15 tu kwa kila mtu, begi kubwa na la mkononi vyote humohumo, na ndo maana mpaka leo kuna kijiji kizima huko Nepal kinajua rangi ya bukta yangu.

Ngoja niwape mambo kwa mtiririko maana kuna watu Moshi wameshaanza kuisimulia vibaya. Mimi ni gaidi wa mlimani (ndo tunavyoitana sisi waongoza watalii), Kilimanjaro, mtu wa Marangu. Kuna mteja mmoja nilimpandisha mpaka Uhuru akafurahi sana, akarudi kwao, siku hiyo napigiwa simu ooh kuna nafasi kwenye grupu letu la Khumbu, kule Nepal kwenye Everest, njoo kama mgeni, safari hii wewe ndo ubebewe. Sasa mi nani nikatae. Nikaanza mbwembwe kijiweni. Everest Base Camp iko mita 5,364, Uhuru ni 5,895, kwaiyo nikawaambia vijana naenda Himalaya kushuka.

Basi. Wakati wa msimu ndege nyingi haziondokei Kathmandu, mnapakiwa kwenye gari usiku wa manane mnapelekwa Manthali, wilaya ya Ramechhap, barabara ya kona kona mpaka utumbo unabadilisha upande. Halafu kindege kidogo, halafu Lukla. Uwanja wa Lukla una mita 527 tu za kutua, umeinamia mlimani, ndege inatua kwa kupanda, na mbele kuna ukuta. Nilisali Baba Yetu nikachanganya na wimbo wa taifa. Kushuka naangalia begi langu, halipo. Kwenye mizani nilikua nimezidisha (senene, unga wa ugali, kahawa ya nyumbani ya kuwaonjesha wenyeji, mi sijutii), wakasema litakuja na ndege inayofuata. Ndege inayofuata ikakuta wingu limefunga bonde, ikageuza. Nikabaki na nilivyovaa: jaketi zito la kukodi, suruali moja, na ndani ya suruali bukta nyekundu ya Simba. Wenzangu wa Yanga chekeni mmalize tuendelee.

Kiongozi wetu, Msherpa, yani wa kabila la wenyeji wa milima ile, aliitwa Pasang. Akaniambia usijali, litatufuata, twende bistari bistari, ambayo ndo pole pole yao, nikajisikia niko kazini. Ila njiani nikanyamaza. Sisi mgumu, yani mbeba mizigo, akibeba zaidi ya kilo 20 getini anarudishwa, kule namwona baba mmoja mwembamba kaweka mbao za kujengea kwenye mgongo, mkanda umepita kwenye paji la uso, mkononi kagongo kenye umbo la T, akichoka anakaegesha chini ya mzigo anapumzika amesimama hivohivo kisha anaendelea. Akanipita. Kwenye mlima. Akinisalimia.

Tukapita Namche Bazaar, tukapanda mpaka Khumjung. Khumjung iko mita 3,790, yani Horombo, kambi yetu ya Kilimanjaro, na kidogo, ila Horombo unakuta mabanda na wageni wanatapika, huku ni kijiji cha watu kabisa, mabati ya kijani, mashamba ya viazi yamezungushiwa kuta za mawe, bibi anaota jua, na shule aliyoijenga Edmund Hillary mwaka 1961. Juu ya kijiji kuna mlima Khumbila, mtakatifu kwao, haupandwi, na hakuna anayelalamika. Kwenye nyumba ya watawa tukatoa sadaka tukafunguliwa kabati la ngozi ya kichwa inayosemwa ni ya yeti, lile dubwana la theluji la kwenye hadithi zao. Hillary aliwahi kuiazima mwaka 1960 akaizungusha Ulaya na Marekani, wataalamu wakasema ni ngozi ya mnyama wa jamii ya mbuzi, ikarudishwa, na kabati likaendelea kupokea sadaka. Watu wenye akili.

Jioni tukafikia kwenye nyumba ya mama mmoja, sote tukimwita didi, yani dada. Nyumba ya Kisherpa ya kizamani chini ni mifugo na kuni, mnaishi juu, chumba kirefu, benchi limepita chini ya madirisha, na watu wanakaa kwa heshima, mkubwa ndo karibu na moto. Pasang akawaambia huyu ni mwenzetu, gaidi wa mlima mrefu kuliko yote Afrika. Nikasogezwa karibu na moto. Pale pale. Jirani na birika.

Sasa chai ya kule ina siagi na chumvi. Inasukwasukwa kwenye chombo kirefu cha mbao mpaka inakua kitu kimoja. Ukiinywa ukiitegemea kama chai utaita wazazi, ukiinywa kama supu inapita vizuri tu. Shida sio ladha, shida ni kikombe hakiishi. Unapiga funda moja, didi keshasimama, shyay shyay, anajaza. Unakataa, anajua unakataa kwa adabu, anajaza. Hata Uchagani ukienda kwa shemeji kuna mahali mbege inakuachia, huku haikuachii. Nikaona hapa niwe na msimamo, nikafunika kikombe kwa kiganja, na didi naye alikua ameshainamisha birika huku anaongea na jirani. Ikagonga mkono wangu ikateremkia yote mapajani.

Niliruka nikasema neno la Kichaga ambalo nashukuru hakuna aliyelielewa. Watu walicheka mpaka mzee mmoja akashika ukuta. Didi mwenyewe alicheka huku ananipangusa na huku, amini usiamini, anajaza kikombe.

Ikabidi suruali ianikwe. Jikoni nikaogopa, kwa Washerpa moto wa nyumbani una heshima yake, hata taka hutupii humo, sembuse kuning'iniza suruali yenye mafuta. Nikatoka nje na jaketi na blanketi kiunoni, nikaona kamba nzuri imevutwa toka kwenye nguzo, ina vitambaa vya rangi, bluu, nyeupe, nyekundu, kijani, njano, nikajua hapa ndo pa kuanikia. Nimeinua mguu mmoja wa suruali tu nasikia Pasang dirishani anapiga kelele HAPANA HAPANA HAPANA. Kumbe ni vitambaa vya dua, upepo ukivipiga dua inasambaa. Nikaomba samahani kwa upepo na kwa vitambaa, nikaitandika suruali kwenye ukuta wa mawe wa shamba, ukuta mfupi tu wa kufika kifuani, nikaweka na jiwe juu isipeperuke. Ilikua Novemba, usiku maji yanaganda kwenye ndoo. Nikalala nikijua asubuhi nitaikuta imekauka au imeganda, hayo mawili tu.

Asubuhi nasikia kengele. Ting, ting, ting, kisha sauti ya mtu anayetafuna bila haraka. Nachungulia. Kuna zopkyo, lile dume la mchanganyiko wa yaki na ng'ombe ambalo kazi yake ni kubebeshwa mizigo ya watalii, limesimama ukutani na mguu wa kushoto wa suruali yangu umeshaingia mdomoni mpaka gotini. Wanyama wale chumvi wanaipenda mno, na mimi nilikua nimewaandalia suruali yenye chumvi, siagi na jasho la kutoka Lukla. Karamu!

Nikateremka ngazi na buti zisizofungwa kamba, jaketi juu, Simba chini. Nikashika mguu wa kulia wa suruali nikavuta. Likavuta. Nikavuta. Likatikisa kichwa, pembe ikaingia kiunoni mwa suruali ikatokea kwenye zipu, mguu uliobaki ukalifunika macho. Mnyama asiyeona hana breki, likatoka mbio na mimi nyuma. Kukimbia kwenye mita 3,790 sitaki kumshauri mtu, hatua kumi za kwanza wewe ni mwanariadha, ya kumi na moja mapafu yanauliza nani katoa ruhusa.

Nikaita Pasang! Paaaasaaang!

Hapa lazima niwaeleze kitu. Washerpa wengi wanaitwa kwa siku waliyozaliwa. Jumatatu Dawa, Jumatano Lhakpa, Jumamosi Pemba, na Ijumaa ni Pasang, mwanaume au mwanamke yote sawa. Pasang ndo Juma wao. Kupiga kelele Pasang katikati ya Khumjung ni kama kusimama Kariakoo ukaita Juma. Akatoka babu Pasang na gurudumu lake la dua mkononi, akaniangalia juu mpaka chini, akaendelea kulizungusha kwa kasi zaidi. Akatoka binti Pasang na ndoo, akaiweka chini taratibu. Pasang wangu mimi alitoka wa mwisho na mswaki mdomoni.

Na ilikua Jumamosi. Jumamosi ni siku ya soko Namche, kwaiyo kijiji kizima kilikua njiani na vikapu mgongoni kinateremka, halafu Nepal Jumamosi ndo siku ya mapumziko, shule hakuna, watoto wote wako nje. Ukiambiwa uchague siku ya kukimbia na bukta Khumjung, chagua nyingine yoyote.

Zopkyo likapotelea huko kwenye vumbi. Didi akaja mbio na khanga zake, samahani, na nguo zake: lile gauni refu la Kisherpa la kufungia pembeni, na akanifunga na pangden kabisa kiunoni, ile aproni ya mistari ya rangi. Joto safi. Nikashukuru. Nikashangaa tu kwa nini wamama wa sokoni wameweka vikapu chini wanajifuta machozi. Pasang akatema povu la mswaki akaniambia, kaka, pangden inavaliwa na wanawake walioolewa. Nikamwambia sasa avue anitafutie suruali. Akajibu ya kwake ni moja na miguu yangu ni ya twiga, suruali ziko Namche, sokoni, twende.

Kwaiyo nikateremka na msafara. Kutoka kijijini kuna ukuta mrefu wa mawe yaliyochongwa dua, na ule lazima uupite ukiwa mkono wako wa kulia, mnazunguka kufuata mshale wa saa. Njia ya mkato ilikua upande wa pili, kama hatua ishirini tu, nikaichungulia. Didi, yuko nyuma yangu, akakohoa. Nikazunguka, pole pole, mbele ya uwanja wa shule, watoto pembeni wanaimba kitu ambacho Pasang alikataa katakata kunitafsiria.

Tulipofika Syangboche, kwenye kile kiwanja cha ndege cha vumbi, tukakutana na grupu la watalii wanapanda. Mmoja akainua kamera akamuuliza Pasang kwa heshima kabisa kama huyu ni wa kabila gani la juu huko. Nilitegemea Pasang aniokoe. Pasang akakunja uso, akasema kwa Kiingereza safi, picha kwa mchango. Wakapanga foleni! Mi nikasimama na Ama Dablam nyuma yangu, mikono kiunoni, na kwa kuwa kazi ni kazi nikawa naguna kwa Kichaga, na rupia zinaingia kwenye kofia ya Pasang. Didi naye akaingia picha mbili, akachukua fungu lake palepale.

Namche maduka ya nguo za mlima yamejaa, nembo zote kubwa zipo na zipu zote zinaogopa kufungwa. Nikapata suruali, inaishia juu ya kifundo cha mguu ila ni suruali. Najaribisha nyuma ya pazia nasikia kengele. Ting, ting. Nikasema haiwezekani. Natoka, namkuta mwenye zopkyo na zopkyo lake, kalipakia viazi vya sokoni, na mkononi kashika kilichobaki cha suruali yangu, mguu mmoja na mfuko wa nyuma. Nikampa mkono nikidhani kaja kuomba radhi. Kumbe kaja kudai. Zipu haipo, vifungo viwili havipo, mnyama kavimeza, akivimbiwa nani atabeba mzigo wa wateja wake kesho? Nikasema nani aliyefungua mnyama alfajiri? Akasema nani anaanika chumvi ukutani? Pasang akakaa katikati kama hakimu wa mahakama ya mwanzo, na hukumu yake ilikua kila mtu abebe hasara yake, pesa ya picha iliyobaki inunuliwe chang, pombe yao ya kienyeji, na ule mguu wa suruali upelekwe Khumjung ukawekwe kabatini jirani na ngozi ya yeti, mtu akitaka kuuona atoe sadaka. Jamaa akacheka, tukanywa. Chang ya ulezi wa kule na mbege ni ndugu wa baba mmoja, siku ile nilithibitisha kwa vitendo. Kila nikipiga funda jamaa anajaza, shyay shyay, na kikombe safari hii sikukifunika.

Zopkyo lilikua zima, lilitufuata macho muda wote, hasa suruali mpya.

Begi lilifika jioni ileile, mgumu mmoja kalileta toka Lukla, senene wote salama. Picha nazo zilifika, sijui Pasang alipata wapi namba ya grupu letu la WhatsApp la wagumu wa Marangu. Nimerudi kazini, nimesimama getini na wateja wangu kumi, wazungu watu wazima, najitambulisha kwa sauti nzito kwamba mimi ndo kiongozi wenu mpaka kileleni, na nyuma yangu vijana wote wa mizigo kwa pamoja: "Shikamoo Mama Pasang!"