Mtaa wa Maduka Unapodorora: Tatizo ni Uchumi au Pango?

Hali ya uchumi inapokuwa ngumu, mtaa wa maduka haufi kwa siku moja. Dalili huanzia kwenye rafu: mwenye duka hupunguza kuagiza mzigo, husogeza mbele bidhaa chache zilizobaki ili pengo lisionekane, na daftari la wadaiwa hujaa huku droo ya fedha ikikauka. Duka la kwanza likifungwa, majirani zake huwapoteza wateja waliokuwa wakiingia kwao kwa kuwa tu walikuwa wakipita, na hivyo fremu moja tupu huzaa nyingine.

Wapo wanaosema mamlaka zisiingilie, na hoja yao ina uzito. Mnunuzi ambaye kipato chake kimepungua ana haki ya kufuata bei nafuu, iwe kwenye supermaketi au mtandaoni. Mwaka 1973 Ufaransa ilitunga sheria ya kuyataka maduka makubwa yaombe kibali maalumu kabla ya kujengwa, kwa nia ya kuwalinda wafanyabiashara wadogo. Maduka hayo yaliendelea kuenea, na yaliyokwisha kujengwa yakapata kinga dhidi ya washindani wapya. Vilevile, kampuni ya rejareja ya Woolworths ilipofunga maduka yake yapatayo 800 nchini Uingereza mwishoni mwa 2008 na mwanzoni mwa 2009, msukosuko wa fedha uliikuta tayari imeelemewa na madeni na ushindani.

Hata hivyo, hoja hiyo huchukulia kwamba mauzo yakishuka pango nalo litashuka, na hapo ndipo ninapotofautiana nayo. Kwa miongo mingi, mikataba mingi ya pango la biashara nchini Uingereza imekuwa na kifungu kinachoruhusu pango lipande au libaki palepale linapopitiwa upya, lakini lisishuke. Hata pasipo kifungu hicho, thamani ya jengo hukadiriwa kwa pango linaloingiza. Kwa hiyo mwenye jengo aliyeliwekea rehani benki anaweza kuona afadhali fremu ikae tupu kuliko kuipangisha kwa bei ya chini itakayoshusha thamani ya jengo zima. Kwake yeye huo ni uamuzi wa busara. Hasara humwangukia fundi viatu wa fremu ya pili, na mzee asiye na gari ambaye sasa hana tena duka la dawa la kuendea kwa miguu.

Kuyagawia maduka yote ruzuku hakutasaidia, kwa kuwa ruzuku isiyo na masharti huishia mfukoni mwa mwenye jengo. Naona afadhali njia nyingine ya Ufaransa, ambako manispaa zinaruhusiwa kutoza kodi majengo ya biashara yaliyokaa bila kutumika kwa miaka 2 au zaidi, isipokuwa pale jengo lilipokosa mpangaji bila hiari ya mwenyewe. Ugumu uko kwenye msamaha huo, ambao ni wa haki lakini ni rahisi kuutumia vibaya: mtu anaweza kutangaza fremu yake kwa pango lisilolipika, kisha akadai kuwa wapangaji hawapatikani. Manispaa isiyolinganisha pango linalotangazwa na lile wanalolipa majirani haitaweza kumtambua.